Kujibu kamera isiyoitikia salamu: mwongozo wa mahojiano ya video kwa waombaji kazi wa Lubumbashi

Barua pepe inaingia: umechaguliwa kwa hatua inayofuata, bonyeza kiungo, jibu maswali matano kwa video, mwisho ni Ijumaa. Hakuna jina la mtu wala namba ya simu. Ukibonyeza, swali linatokea kwenye kioo, saa inahesabu sekunde 30 za kujiandaa, halafu alama nyekundu inawaka na unaanza kuongea peke yako kwa dakika moja na nusu au mbili. Atakayekutazama atafungua video hiyo kesho au wiki ijayo, labda akiwa Kolwezi, kilomita karibu 300 kutoka hapa, labda akiwa Johannesburg.

Kampuni za migodi, mashirika na benki zinapenda njia hii kwa sababu mtu mmoja wa RH (idara ya rasilimali watu) anaweza kutazama waombaji arobaini kwa siku mbili bila kupanga saa na yeyote. Waombaji wengi hawaipendi. Watafiti wa ajira walikwisha kueleza jambo hili kabla video hizi hazijaenea: tangu kazi ya Stephen Gilliland ya mwaka 1993 inajulikana kwamba mtu hupima haki ya mahojiano kwa mambo machache. Je, maswali yanahusu kazi yenyewe? Nilipewa nafasi ya kuonyesha ninachoweza? Nilitendewa kama mtu? Niliweza kuuliza nami? Video ya kurekodiwa inaweza kutimiza mawili ya kwanza vizuri kabisa. Mawili ya mwisho inayaacha patupu, na maumivu ya hilo pengo yanategemea sana malezi ya mtu.

Mholanzi Geert Hofstede alichambua majibu ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akapata vipimo ambavyo watu wa RH wanavitumia hadi leo: umbali kati ya mkubwa na mdogo, mtu kujiona peke yake au ndani ya kundi, na kuogopa lisilojulikana. Vipimo hivyo vinasaidia kuelewa kwa nini kamera inamtikisa mmoja kuliko mwingine. Lakini ukikutana na mtu anayekutajia alama za Kongo kwenye orodha ile ya kwanza, usimwamini: kundi la Afrika Mashariki la Hofstede lilikuwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Zambia, jirani yetu wa mpaka wa Kasumbalesa, alihesabiwa, sisi hatukuwamo. Tena wastani wa nchi hausemi kitu juu ya binti wa mtaa wa Katuba, hapa mjini, aliyekulia mikononi mwa bibi yake.

Ushauri unaotembea kwenye simu ni huu: jiamini, jisifu, ongea kama wazungu. Ni ushauri mbaya. Sauti ya kuazima husikika haraka, na mwombaji anayeiga hupoteza nguvu zake zote kwenye kuiga. Heshima uliyolelewa nayo ina namna yake ya kuonekana mbele ya lenzi, na hiyo ndiyo ya kufanyia mazoezi.

Kuuliza kwanza si utovu wa adabu

Mtu aliyefundishwa kwamba mkubwa hasumbuliwi atapokea kiungo, atanyamaza, ataingia gizani. Wengi huharibikiwa hapa, kabla hata ya swali la kwanza. Jibu barua pepe ileile siku ileile, kwa lugha iliyotumika kwenye mwaliko, kwa mistari michache kama hii:

"Asante kwa kunichagua. Ili nijiandae vema, naomba kujua: maswali ni mangapi na kila jibu lina dakika ngapi, je, naweza kurekodi tena jibu nisiloridhika nalo, nani atatazama video, nijibu kwa lugha gani, na nikikatikiwa na mtandao katikati, nimpigie nani? Nabaki na heshima zangu."

Mambo matano, basi. Usiulize mshahara hapa. Wakikujibu, woga unapungua nusu, maana sasa unajua kinachokusubiri. Wasipojibu baada ya siku mbili, endelea tu na mazoezi ukichukulia hali ngumu zaidi: hakuna kurudia, sekunde 30 za kufikiri, dakika moja na nusu ya kujibu.

Hakikisha pia kwamba kazi ni ya kweli. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ya "faili" wala ya "usajili" kabla ya video, na hakuombi uonyeshe kadi ya benki mbele ya kamera. Linganisha anwani ya barua pepe na tovuti ya kampuni, herufi kwa herufi.

Halafu saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa mbili mbele ya UTC. Ukiandikiwa "mwisho 17:00 UTC", kwetu ni 19:00, yaani saa moja ya jioni. Ukiandikiwa "17:00 saa ya Kinshasa", ni saa kumi na mbili. Andika saa ya mwisho kwa namna zote mbili kwenye karatasi, 19:00 na saa moja jioni, kwa sababu kuchanganya hesabu ya Kifaransa na ya Kiswahili kumefungia watu mlango.

Macho

Kwa mzee, kwa chef (mkuu wa kazi), kwa mwalimu, macho yanashuka kidogo. Hivyo ndivyo mtoto aliyelelewa vizuri anavyosikiliza. Kwenye video, macho yaliyoshuka yanasomwa na mtu wa mbali kama mtu anayesoma karatasi au asiye na uhakika. Na simu inaongeza tatizo: uso wako unatokea kwenye kidirisha kidogo, wewe unajitazama pale, na lenzi iko juu yake. Hata asiye na aibu yoyote anaonekana ametazama chini.

Dawa yake ni ndogo na inafanya kazi. Kata karatasi ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, funika kidirisha cha uso wako ukishaona kwamba umekaa katikati. Kisha bandika picha ndogo ya pasipoti kando ya lenzi, isiizibe. Picha ya nani, hilo lina uzito. Iwe ya rika lako, rafiki uliyesoma naye au binamu mnayetaniana. Ukiweka ya baba au ya mjomba, macho yatashuka yenyewe bila kukuuliza. Ukiweka ya rafiki, utaongea ukimtazama, na sauti nayo itashuka kutoka ile ya kuomba hadi ile ya kueleza.

Huhitaji kukazia lenzi macho muda wote kama askari. Tazama unapoanza, tazama unapomaliza, na katikati acha macho yatembee unapokumbuka jambo.

"Sisi" na "mimi"

Hapa ndipo waombaji wazuri wanapopoteza alama nyingi. Uliza mtu wa hapa alifanya nini kazini, atakuambia walichofanya wote. Kusema "mimi nilifanya" ni kuwanyang'anya wenzake, tena kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kutazama video yuko na karatasi ya alama inayouliza: *mwombaji* alifanya nini? Hana nafasi ya kukuuliza "na wewe binafsi?" kama angefanya mkiwa uso kwa uso. Usipolitaja, anaandika sifuri, naye hana kosa.

Chukua swali hili: "Eleza tatizo ulilolitatua kazini." Jibu la kawaida linasikika hivi:

"Pale stoo tulikuwa na shida ya vifaa kupotea. Tukajitahidi pamoja na wakubwa, tukashirikiana vizuri, na kwa neema ya Mungu mambo yakakaa sawa."

Ni jibu la mtu mwema, lakini halina kitu cha kupewa alama. Sasa lisikie hivi:

"Nilisaidia kupunguza upotevu wa glavu za kinga katika stoo yetu. Tulikuwa watu sita, mimi nikiwa zamu ya asubuhi. Niliona kwamba glavu zinatoka bila kuandikwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja, zamu zinapobadilishana. Nilimwomba mkuu wa stoo ruhusa ya kuweka daftari la pili mlangoni, kila anayechukua atie sahihi. Baada ya miezi miwili, hesabu ya daftari na hesabu ya rafu zilikuwa zinakutana. Mkuu akaagiza zamu zote zitumie daftari lile."

Tazama lilivyopangwa. Linaanza na jambo lenyewe, linataja kundi, linashuka kwa "mimi" mara tatu tu, linarudi kwa wote. Heshima imo: aliomba ruhusa, hakumruka mkubwa. Sifa imo pia, ila imetoka mdomoni mwa mwingine, kwa sababu mkuu kuagiza zamu zote zifuate daftari ni kusema lilikuwa wazo zuri. Hivi ndivyo mtu mnyenyekevu anavyojieleza bila kujitembeza: anataja hatua, hesabu, na yale ambayo wengine walifanya baada ya kuona kazi yake. Kukabidhiwa funguo za stoo, kuachiwa zamu mkuu akisafiri, kuitwa kumfundisha mgeni, yote ni ushahidi. Mungu unaweza kumshukuru, hakuna anayekukataza. Shukrani ije baada ya kusema ulichofanya, isikae mahali pake.

Jibu hilo linachukua chini ya dakika moja. Kwa hiyo ndani ya sekunde 90 una nafasi ya kuongeza jambo moja zaidi, kwa mfano nani alipinga daftari na ulimwelewesha vipi. Andaa visa vitano vya namna hii kabla ya kubonyeza: tatizo ulilotatua, ugomvi kati ya wafanyakazi, kosa lako na ulivyolirekebisha, kazi chini ya haraka, na mara uliyofuata kanuni ya usalama hata ilipochelewesha kazi. Kwa kazi za migodini hicho cha mwisho kinaulizwa karibu kila mara. Kisa kimoja kinaweza kujibu maswali mawili tofauti, usiogope kukigeuza.

Usikariri neno kwa neno. Aliyekariri akisahau neno moja anapoteza yote, na kamera inaona macho yakitafuta. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu; katikati weka maneno manne kwenye karatasi kando ya lenzi: hali, kazi yangu, hatua, matokeo.

Salamu na mzunguko

Sisi hatuingii kwenye jambo moja kwa moja. Tunasalimia, tunauliza habari za nyumbani, tunazunguka kidogo, ndipo tunafika. Edward Hall, Mmarekani aliyeandika juu ya mawasiliano ya mataifa, aliita jamii za namna hii zenye kutegemea muktadha: mengi yanaeleweka bila kusemwa. Kwenye video muktadha hakuna, na saa inakata katikati ya neno.

Salimia kwenye jibu la kwanza tu, kwa sentensi moja, na jina lako. Usisubiri kuitikiwa. Kimya kile kinachofuata salamu kinawavunja watu wengi, ndiyo maana mazoezi yanahitaji mtu wa kukaa kimya mbele yako. Mwombe yaya (kaka au dada yako mkubwa) au rafiki akae nyuma ya simu, akuulize swali, kisha asitikise kichwa, asiseme "mm", asitabasamu. Fanya hivyo mara sita au saba kwa siku tatu. Mara ya kwanza sauti itakufia. Kufikia ya tano utaona kimya kimekuwa kitu cha kawaida.

Maswali mengine yote, anza na jibu. Mzunguko uje baadaye kama muda upo. Maliza sekunde kumi kabla ya saa, useme "Asante", ubonyeze mwenyewe. Ukimaliza mapema kwa sekunde ishirini, si kosa.

Lugha iwe moja. Mjini Lubumbashi tunaanza sentensi kwa Kiswahili, tunaimaliza kwa Kifaransa, na mezani kila mtu anaelewa. Mifumo mingi ya video inageuza sauti kuwa maandishi, nayo imepangwa kwa lugha moja. Ukichanganya, maandishi yanatoka kama uji. Ukikosa neno la Kifaransa, lieleze kwa Kifaransa rahisi. Ongea polepole kuliko kwenye mazungumzo ya kawaida: maneno 130 hadi 150 kwa dakika kwa Kifaransa yanatosha.

Watu wanauliza kama mashine inapima uso. HireVue, kampuni ya Marekani inayojulikana sana kwa video hizi, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha uchambuzi wa uso. Umoja wa Ulaya nao umepiga marufuku tangu Februari 2025 programu za kukisia hisia za watu kazini, isipokuwa kwa sababu za afya au usalama. Kwa hiyo usipoteze nguvu kutabasamu kwa ajili ya mashine. Maneno yako ndiyo yanayobeba uzito, na nchini mwetu Sheria ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inalinda data za mtu binafsi, kwa hiyo una haki ya kuuliza video itatunzwa wapi na kwa muda gani.

Nyumba, mwanga, mega

Kumwonyesha mgeni asiyejulikana sebule ya nyumbani kunawakera watu, na wana haki. Kuna baba wasiopenda binti arekodiwe chumbani, kuna mama anayeona haya kwa ukuta uliobanduka rangi. Huhitaji kuonyesha nyumba. Tundika kitambaa cha rangi moja, bluu au kahawia, upana wa mita moja na nusu, kaa nusu mita mbele yake. Kitambaa cheupe kwepa: simu hupima mwanga kwa ujumla, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga wa picha, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Dirisha nyuma yako linafanya vilevile. Kaa dirisha likiwa mbele, saa mbili au saa tatu asubuhi, jua lisikupige moja kwa moja.

Simu iwe kimo cha macho, sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni, juu ya vitabu au bidoni iliyojaa maji ili isitikisike. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole yanafanya picha kuwa kama ukungu. Tumia vipokea sauti vya waya vyenye maiki, waya usiguse kola ya shati. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua kwenye mabati inafunika sauti yote, na kwa kawaida inanyesha mchana au jioni, sababu nyingine ya kuchagua asubuhi.

Mgeni akifika wakati unarekodi, kumfungia mlango ni aibu, kumkaribisha ni kupoteza jibu. Mpange mdogo wako akae langoni, amsalimie vizuri, amwambie "yaya yuko kwenye kazi, anatoka baada ya nusu saa, karibu ukae." Waambie wote nyumbani tangu jana yake.

Kwa mtandao, kinachohesabika ni kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Ukiwa na megabiti 2 kwa sekunde za kupandisha, inatosha. Maswali matano ya dakika mbili ni dakika kumi za video, karibu mega (megabaiti) 150 kwa ubora wa kawaida. Weka mega 500 ili kubaki salama. Jaribu mitandao miwili mahali utakapokaa, si barazani, maana ukuta mmoja unabadilisha mengi. Fungua kiungo kwenye Chrome au Safari, kwa sababu kikifunguliwa ndani ya Facebook au programu ya barua pepe, kamera mara nyingi inakataliwa. Zima laini ya pili, maana simu ikipigwa inakata rekodi. Chaji ijae, usitegemee umeme wa SNEL saa hiyo. Baada ya kila jibu subiri mstari wa kupandisha ufike mwisho kabla ya kugusa kitu.

Ikikatika katikati, piga picha ya kioo ikionyesha saa, andikia RH ndani ya saa moja, bila kulalamika: swali la tatu, saa fulani, mtandao ulikatika, naomba nafasi ya kulirudia. Wengi hukubali. Hawakubali kwa aliyesubiri hadi usiku wa mwisho, kwa hiyo rekodi siku mbili kabla.

Kwa wanaoajiri

Mkitaka watu wetu wajitokeze walivyo, marekebisho ni machache na hayana gharama. Wekeni video ya sekunde 40 ya mtu wa kweli anayesalimia, anataja jina lake na cheo, anaeleza nani atatazama. Ruhusuni kurudia jibu angalau mara moja. Toeni dakika nzima ya kufikiri na dakika tatu za kujibu, pamoja na swali la majaribio lisilohesabiwa. Acheni siku tano, wikendi ikiwemo, kwa wenye kutafuta mega na simu ya kuazima.

Andikeni kwenye swali lenyewe: "Taja timu ilifanya nini, na sehemu yako ilikuwa ipi." Sentensi hiyo moja inamfungulia mlango mtu aliyelelewa kusema "sisi". Ondoeni "kujiamini" na "kutazama kamera" kwenye karatasi ya alama. Zinapima malezi, hazipimi kama mtu anajua kuhesabu stoo. Wawili watoe alama kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Na kwa anayeomba kuhojiwa kwa simu au ofisini, mkubalieni bila kumshusha alama.

Mwombaji aliyetuma video na kukaa siku saba za kazi bila neno anaweza kuandika mistari miwili: jina, kazi aliyoomba, siku aliyotuma, na ombi la kujua hatua inayofuata ni lini. Aandike mara moja, asubuhi ya siku ya nane.